Iris: Neno Lililotoka Mawinguni Likaishia Jichoni

Yako maneno yanayozaliwa kijijini na kuzikwa kijijini hapo hapo. Na yako maneno mazururaji, yanayolala leo hapa na kesho kule, kila yafikapo yanapewa kazi mpya. Neno iris ni la kundi hili la pili. Ukilifungua katika kamusi kubwa ya Kiingereza utaambiwa ni ua. Ukishuka mstari mmoja utaambiwa ni sehemu ya jicho, ile duara yenye rangi inayolizunguka tundu jeusi la katikati. Endelea, utamkuta mungu wa kike wa Wagiriki wa kale, kisha upinde wa mvua, kisha kile kifaa ndani ya kamera kinachojifungua na kujifumba ili kupima mwanga. Tena ni jina la watu. Mwandishi wa riwaya wa Uingereza aliyefariki mwaka 1999, Iris Murdoch, aliitwa hivyo hivyo.

Mimi nimelifuata neno hili kwa sababu ya kazi. Kuna riwaya ninayoihangaikia, na ndani yake watu wawili wanatazamana kwa karibu sana, uso kwa uso. Nilitaka kuitaja ile duara yenye rangi, Kiswahili changu kikakwama. Shuleni baiolojia tulifundishwa kwa Kiingereza: mwalimu alichora jicho ubaoni, akapiga mshale, akaandika iris, basi, tukakariri na mtihani tukafanya. Ndipo nikajiuliza, hili neno ni la nani hasa, na limefikaje jichoni?

Kumbe historia yake ni historia ya watu kutazama. Kila lilipohamia palikuwa na mtu aliyekitazama kitu kwa makini, akakikuta kina rangi nyingi, akasema na hiki nacho ni iris. Na sisi huku linatuhusu, maana mwaka 2023 maelfu ya watu jijini Nairobi walipanga foleni ili ipigwe picha duara hiyo hiyo, na katika lugha yetu ya kila siku haikuwa na jina lake yenyewe.

Tarishi wa miungu

Tuanzie Ugiriki. Hesiod, mshairi aliyeishi karibu na mwaka 700 kabla ya Kristo, alitunga utenzi wa nasaba ya miungu uitwao Theogony. Humo Iris ni binti wa Thaumas na Electra, na dada zake ni Harpies, viumbe wenye mabawa waendao kasi kama tufani. Jina la baba, Thaumas, linakaribiana na neno la Kigiriki lenye maana ya ajabu au mshangao. Yaani upinde wa mvua ni mtoto wa mshangao. Plato, zaidi ya miaka mia tatu baadaye, aliligusa jambo hili katika kitabu chake Theaetetus. Humo Socrates anaeleza kwamba falsafa huanza kwa mtu kushangaa, na kwamba aliyemfanya Iris kuwa binti wa Thaumas hakuwa mjinga wa nasaba.

Katika Iliad ya Homer, kazi ya Iris ni utarishi. Zeus akiwa na neno la kupeleka duniani humwita yeye, naye huteremka kwa miguu yenye kasi ya upepo. Ndiye anayetumwa kwa mzee Priam, mfalme wa Troy, anayegaagaa kwa msiba wa mwanawe Hector, kumwambia ainuke aende kwenye merikebu za adui akaukomboe mwili wa mwanawe kwa mtu yule yule aliyemuua. Sidhani kama kuna ujumbe mgumu kuliko huo kupewa mzazi.

Katika Odyssey mambo yanageuka. Humo ujumbe wa miungu hupelekwa na Hermes, na jina la Iris limebaki kwa namna ya utani tu. Kuna ombaomba mmoja, jina alilopewa na mama yake ni Arnaeus, lakini vijana wa mji walimwita Irus kwa kuwa alikuwa mtu wa kutumwatumwa. Jina la mungu likashuka hadi kwa mtu ambaye leo tungemtuma sigara dukani. Ndivyo maneno yalivyo, bwana, hayana heshima ya kudumu.

Kitu kilichopinda

Kwa Wagiriki, iris ilikuwa pia jina la upinde wa mvua wenyewe. Wanaisimu waliochunguza mizani ya mashairi ya Homer wameona kwamba zamani zaidi jina hili lilianza kwa sauti ya w ambayo ilikuja kupotea, na wengi wamelihusisha na mzizi wa kale wenye maana ya kupinda.

Hapo nilitua kalamu. Maana sisi nasi tunasema upinde, na upinde umetoka katika kupinda. Waebrania katika kitabu cha Mwanzo walitumia qeshet, neno lile lile la upinde wa mishale. Waarabu wanasema qaws quzah, upinde wa Quzah, na huyo Quzah wanahistoria humhesabu kuwa mungu mmoja wa kabla ya Uislamu. Watu walioishi mbali mbali kabisa waliinua macho baada ya mvua, wakaona kitu kilichopinda, na wengi wao wakaona silaha.

Na si kila aliyeuona alifurahi. Katika Iliad upinde wa mvua hutandazwa na Zeus kuwa dalili ya vita au ya baridi kali inayosimamisha kazi za watu. Kwa Nuhu ulikuwa ahadi kwamba gharika haitarudi. Kitabu cha Ufunuo kiliandikwa kwa Kigiriki, na upinde uliokizunguka kiti cha enzi katika sura ya 4 unaitwa humo iris, na ule ulio kichwani pa malaika katika sura ya 10 vile vile. Biblia ya Kiswahili imesema upinde wa mvua. Kwa hiyo bibi yetu anayesoma Ufunuo kila Jumapili amekwisha kupishana na Iris mara mbili mlangoni, asimtambue.

Ua na metali

Wagiriki hao hao waliliita iris ua lenye rangi nyingi: zambarau, buluu, manjano, jeupe. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliandika juu ya mmea huu na matumizi yake katika manukato. Ajabu yake ni kwamba mali haiko kwenye ua bali ardhini. Shina linalotambaa chini ya udongo huchimbwa, humenywa, kisha hukaushwa na kuwekwa kwa miaka kadhaa, ndipo linukie. Ukilinusa siku ya kulichimba, utaambulia harufu ya udongo.

Wafalme wa Ufaransa, kuanzia karne ya 12, walibeba nembo iitwayo fleur-de-lis. Jina hilo husema ni yungiyungi, lakini wengi walioitazama sura yake husema ni iris iliyochorwa kwa kurahisishwa. Mwaka 1753 Carl Linnaeus wa Sweden, bingwa wa kuipa mimea majina ya Kilatini, alilikubali jina la Wagiriki akaliandika kuwa jina la jenasi nzima. Leo jenasi hiyo inahesabiwa kuwa na spishi zipatazo 300, zote za nusu ya kaskazini ya dunia. Huku kwetu iris halisi haioti porini. Lakini ana ndugu yake, Dietes iridioides, anayeota mwenyewe kwenye misitu ya Afrika Mashariki hadi Afrika Kusini, mwenye maua meupe yenye madoa ya manjano na zambarau kidogo katikati. Ua lake moja hudumu kama siku moja tu, kisha hunyauka.

Kutoka kwenye ua, neno likaingia maabara. Mwaka 1803 mkemia wa Uingereza Smithson Tennant alichunguza masalio meusi yanayobaki platini ghafi inapoyeyushwa katika mchanganyiko wa asidi kali. Wengine waliyaona kama takataka. Yeye akapata humo metali mbili mpya. Ya kwanza akaiita osmi, kwa neno la Kigiriki la harufu, maana ilinuka. Ya pili ilitoa chumvi za rangi nyingi tofauti, akakumbuka upinde wa mvua, akaiita iridi.

Iridi yenyewe ni nyeupe na ngumu ajabu. Ncha za kalamu nzuri za kujaza wino zilitiwa aloi zake ili zisilike upesi, jambo ambalo sisi watu wa kuandika hatuna budi kulishukuru. Mwaka 1889 fimbo iliyofanywa kipimo rasmi cha mita, ikahifadhiwa Sèvres karibu na Paris, ilitengenezwa kwa sehemu 90 za platini na 10 za iridi. Kisha mwaka 1980 mwanafizikia wa Marekani Luis Alvarez, mwanawe Walter ambaye ni mwanajiolojia, pamoja na wenzao wawili, walitangaza jambo lililowashtua wengi. Katika tabaka jembamba la udongo, la wakati zilipotoweka dinosaria, walikuta iridi nyingi kupita kawaida. Metali hii ni adimu sana kwenye gamba la dunia lakini huwa nyingi zaidi kwenye vimondo. Wakasema basi, kuna jabali kubwa lililotoka angani likaigonga dunia. Siku hizi tukio hilo huwekwa kwenye miaka milioni 66 iliyopita. Hivi ndivyo jina la tarishi lilivyorudia kazi yake ya zamani, kuleta habari kutoka juu, na habari zenyewe zilikuwa za msiba.

Mboni na jirani yake

Sasa tuje jichoni. Waganga wa Kigiriki wa enzi za Warumi walilitumia neno iris walipoeleza jicho, na wanaanatomia wa Ulaya wakaja kulifunga rasmi kwenye ile duara yenye rangi. Duara hiyo ni misuli: mmoja hulibana tundu la katikati mwanga unapokuwa mkali, mwingine hulipanua gizani. Rangi yake hutokana na melanini, ile ile inayotia rangi ngozi. Ikiwa nyingi, jicho huwa la kahawia iliyokolea. Ikiwa kidogo, mwanga hutawanyika ndani yake na jicho likaonekana buluu. Naam, jicho la buluu halina rangi ya buluu ndani yake hata chembe. Ni mchezo wa mwanga, kama ulivyo upinde wa mvua.

Lakini lilionipendeza zaidi ni jina la jirani yake, yaani tundu jeusi la katikati. Wagiriki waliliita kore, msichana. Warumi wakaliita pupilla, kibinti au kidoli. Waarabu wanasema insan al-ayn, mtu wa jicho. Waebrania wanasema ishon, na wengi hulieleza kuwa ni kijimtu. Sababu unaweza kuijua sasa hivi ukimsogelea mwenzio: ndani ya weusi ule utaona mtu mdogo, naye ni wewe.

Sisi je? Sisi tunasema mboni. Neno hili lina mzizi mmoja na kuona. Katika lugha nyingi za Kibantu kuona kuna b: Kinyarwanda kinasema kubona, Kizulu kinasema ukubona. Kiswahili kimeipoteza b hiyo katika kuona, lakini baada ya m imesalia, na hapo ndipo ilipojificha tangu wahenga, ndani ya mboni. Wenzetu walipochungulia jichoni walimwona mtu, wakalipa tundu jina la mtu huyo. Wahenga wetu walitazama jicho linafanya nini, wakaliita kwa kazi yake. Sioni kwamba walikuwa nyuma ya Wagiriki hata hatua moja.

Ila rangi hawakuishughulikia. Na kwa nini waishughulikie? Mahali ambapo karibu kila mtu ana macho ya kahawia, rangi ya jicho haimtofautishi Juma na Hamisi. Ndiyo maana Kiswahili ni tajiri wa macho kwa upande mwingine. Tuna macho ya kurembua, macho malegevu, macho makavu, macho makali, macho ya mviringo, macho ya kuibia. Hata tukisema macho mekundu hatusemi juu ya iris, tunasema juu ya ule weupe ulioingiwa na damu kwa moshi, kwa pombe au kwa kilio. Sisi vijana tunaoandika, tukishasoma riwaya mbili tatu za kigeni, tunaanza kuwapa mashujaa wetu "macho ya kahawia yenye kung'aa" kana kwamba ni habari. Jamani, katika daladala nzima utampata nani asiye nayo?

Hayo yalitosha zamani, jicho lilipokuwa la kutazamana tu.

Mlango wa mashine

Mwaka 1987 madaktari wawili wa macho wa Marekani, Leonard Flom na Aran Safir, walipata hataza ya wazo kwamba iris ya mtu inaweza kumtambulisha. Mwaka 1994 John Daugman wa Cambridge akapata hataza ya hesabu za kuifanya kompyuta iweze kazi hiyo. Nyuzi, mikunjo na vishimo vya duara hiyo haviko sawa kwa watu wawili, hata pacha wa kufanana. Jicho lako la kushoto na la kulia, yenyewe kwa yenyewe, hayafanani.

Kisa kilichoieneza habari hii ni cha msichana wa Afghanistan. Mwaka 1984 mpiga picha Steve McCurry alimpiga picha katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistan, na mwaka uliofuata uso wake ukawa jalada la gazeti la National Geographic. Dunia nzima ikayajua macho yake ya kijani, lakini jina lake hakuna aliyeliuliza. Mwaka 2002 walimtafuta tena, akapatikana mwanamke mtu mzima, na Daugman akalinganisha iris za picha ya zamani na ya sasa. Zikalingana. Anaitwa Sharbat Gula. Miaka kama 17 watu walimiliki macho yake ukutani pasipo kumjua mwenyewe.

Mwaka huo huo wa 2002, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi lilianza kuwapima iris Waafghani waliokuwa wakirudi kwao kutoka Pakistan, ili mtu asichukue msaada mara mbili. Tangu hapo jicho limekuwa cheti. Mnyonge ndiye aliyetangulia kuombwa cheti hicho.

Kisha ikaja zamu ya Nairobi. Mwishoni mwa Julai 2023 mradi wa Worldcoin ulizinduliwa katika nchi kadhaa, Kenya ikiwamo. Ulitumia mashine ya mviringo kama mpira inayopiga picha iris, na aliyekubali alipewa sarafu za kidijitali ambazo kwa bei ya siku hizo zilikuwa kama shilingi 7,000 za Kenya. Watu wakafurika kwenye jumba la mikutano la KICC, foleni si mchezo. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli hiyo. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamuru taarifa hizo za miili ya watu zifutwe, baada ya kuona kwamba sheria ya kulinda taarifa haikufuatwa na kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kushawishiwa na malipo haikuwa ridhaa halali.

Siwalaumu waliopanga foleni. Shilingi 7,000 kwa mtu asiye na kazi ni unga, ni kodi ya chumba, ni nauli ya kwenda kutafuta kibarua. Ninachouliza ni hiki: walipoulizwa wametoa nini, walijibu nini? Kiswahili kilisema mboni. Lakini mboni ni tundu, na tundu mashine hailitaki, maana halina alama yoyote. Kilichochukuliwa ni jirani yake. Tena mboni kwetu ni neno zito. Tunasema fulani ni mboni ya jicho langu, yaani ndiye kipenzi ninayemlinda kuliko wote. Neno likaenda kupanga foleni kwa niaba ya kitu kingine.

Sitaki kujifanya baraza la lugha. Wapo watakaosema tuchukue irisi kama tulivyochukua kamera na redio, na sina ugomvi nao. Mimi moyo wangu uko kwenye upinde wa jicho. Najua washairi wamekwisha kuufananisha upinde na nyusi, nao watanung'unika. Lakini Wagiriki walifanya jambo hili hili: walikuwa na neno la upinde wa mvua, wakalipeleka jichoni. Sisi upinde tunao, jicho tunalo, na kupinda ni kwetu kama kulivyo kwao.

Lolote tutakalolichagua, lisiishie kwenye kamusi. Lifike sokoni, kwenye kituo cha basi, kwenye kambi za wakimbizi. Ili siku karani mwenye mashine atakapomwambia mama yangu, "Tazama hapa," mama aweze kumuuliza kwanza, kwa neno lake mwenyewe, "Unachukua nini, mwanangu, na unakipeleka wapi?"